Kompyuta Isiyongojesha

Njia nzima kutoka Olmotonyi hadi Lemara mume wangu Gadiel alinirudia ubishi uleule, na mimi nyuma yake kwenye pikipiki nimenuna, baridi ya jioni inanipiga masikioni. Kwake kompyuta ni kompyuta tu. Mjini maduka yamejaa, unachagua, unapewa na waranti, unabeba unaondoka. Sasa mtu ulipe karibu mara mbili kwa mashine ya kuungiwa na fundi chumbani kwake, eti kwa sababu imetengenezwa kwa ajili yako? Alisema hata suti ya harusi yetu ilikuwa ya mtumba na mchungaji hakukataa kutufungisha.

Nilimjibu kwamba yeye anapiga picha, anarudi, analala. Mimi ndiye ninayekaa.

Ndivyo ilivyokuwa kazi yetu. Gadiel alirekodi harusi, kipaimara na misiba, mimi nikakata na kuunganisha. Ile kompyuta yetu ya dukani, ikianza kutoa video, nasonga ugali, naosha vyombo, namwogesha mtoto wetu Princess, nikirudi bado haijafika hata robo. Halafu inaganda. Miaka yote ile nilikuwa nasubiri kioo kinachoganda, na hasira yangu mnaijua mnaonijua. Ndiyo maana mwishoni Gadiel alimuuza mtamba wake aliyekuwa akimtunza ili nipate ninachotaka. Alilalamika barabara nzima, lakini alimuuza. Mwanaume yule alinipenda, sitazunguka katika hilo.

Fundi aliitwa Lemomo, mtu wa makamo, mpole, anaongea kama anamwamkia mgonjwa. Tulimkuta anatusubiri. Kasha lilikuwa wazi mezani, na ndani kila kitu kilichopangwa kwa ajili yangu: prosesa, kadi ya picha nzito, feni zisizotoa hata mnong'ono. Majuma kadhaa kabla alikuwa amenihoji kama daktari. Unakata video za aina gani? Unakaaje kwenye kiti? Kitu gani hasa kinakukera? Duka gani litakuuliza hivyo?

Kabla hajafunga kasha aliniambia niweke mkono juu yake, niseme kwa mdomo wangu ninachokitaka. Gadiel akacheka. Mimi sikucheka.

"Nataka isiningojeshe," nilisema. "Nimechoka kusubiri."

Lemomo akainama, akatema mate kidogo ndani ya kasha. Puu. Yale ya baraka, wanayotema wazee wetu wa Kiarusha juu ya kichanga. Gadiel aliuliza mate na umeme vinapatana vipi, na fundi akamjibu taratibu kwamba baraka haiunguzi kitu. Kisha akakaza skrubu.

Pembeni niliiona mashine anayotumia yeye mwenyewe. Ya dukani, ya zamani, imegeuka rangi, inakoroma. Nikamtania kwamba fundi cherehani huyu mbona anavaa viraka. Hakucheka.

Mwezi wa kwanza nilikuwa kama mtu aliyetolewa gerezani. Kazi iliyokuwa ikichukua siku nzima niliimaliza kabla chai haijapoa. Wateja wakawa wanashangaa, wanaleteana habari. Nilimwambia Gadiel aje apige magoti aombe msamaha kwa mashine yangu, naye akaja kweli, akapiga magoti, Princess akaanguka kwa kicheko.

Kisha siku moja nikaingiza kadi ya kamera ya kipaimara, nikageuka kuvuta kiti, nikageuka tena.

Video ilikuwa imekwisha.

Imekatwa, imeunganishwa, imewekwa wimbo. Na si ovyo. Ilikatwa pale pale ambapo mimi ningekata. Nilijiambia labda niliifanya jana nikasahau. Mtu ukiwa na furaha unajidanganya kirahisi.

Jumamosi nyingine Gadiel alikuwa Nduruma anarekodi harusi. Mimi nyumbani, jua linawaka. Nikawasha mashine nitafute faili nyingine... na harusi ya Nduruma ikafunguka yenyewe. Bibi harusi anashuka kwenye gari. Mvua inamnyeshea, shela limelowana, wasimamizi wanakimbia na miavuli. Nilichungulia dirishani. Jua. Nikampigia Gadiel simu, akasema kwa sauti ya chini kwamba bibi harusi bado hajafika na mbingu ni nyeupe.

Alirudi jioni amelowa chapachapa.

Nilimweleza yote wakati anavua viatu. Hakunibishia. Soksi mkononi, akasema tuirudishe kwa Lemomo Jumatatu. Mimi nikasema sawa. Lakini ilikuwa Jumamosi tu.

Jumapili tulitoka kanisani, tukala. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, Meru imevaa mawingu, nikaingia studio kuchukua chaja ya simu. Studio ni kile chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mashine ilikuwa imezimwa. Nina hakika, niliizima mimi.

Ilikuwa inafanya kazi.

Feni zile zisizo na sauti zilikuwa zinapuliza hewa, na hewa ile ilikuwa na harufu. Nilisimama mlangoni nikiivuta puani. Udongo. Udongo mbichi, wa chini, ule unaotoka shimoni kaburi likichimbwa.

Kwenye kioo palikuwa na msiba.

Nimekata misiba mingi maishani mwangu, najua inavyokwenda. Lakini ile migomba niliijua. Ule ukuta wa zizi niliujua. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye mti wetu wa parachichi, hapa hapa nyuma ya nyumba, na jeneza lilikuwa limeshashushwa. Watu walikuwa wanapita kutupa udongo. Kwaya inaimba.

Nilimwita Gadiel. Akaja, akasimama nyuma ya kiti changu, mkono begani kwangu, na nilihisi vidole vyake vinakaza.

Tulianza kutafuta nani yupo. Hiyo ndiyo kazi yetu, tunajua kusoma picha. Mama yake Gadiel, ambaye sisi sote tunamwita Yeyo, alikuwepo, ameketi na fimbo yake. Mimi nilikuwepo, mstari wa mbele, nimefungwa kitambaa cheusi kama wanawake wote wa ukoo, wawili wamenishika mikono. Princess alikuwa amemng'ang'ania Yeyo shingoni, analia, mdomo wazi. Jino moja la mbele halikuwepo.

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Mtoto wangu yu hai. Kisha nikauliza, "Na wewe? Wewe sikuoni."

"Mimi nipo nyuma ya kamera," Gadiel alisema. "Nani mwingine angerekodi?"

Kweli. Katika kila sherehe yetu, kila picha ya ukoo, Gadiel hayupo. Hata ubatizo wa mtoto wake hayupo. Tumeshazoea.

Basi nani? Tukatafuta uso baada ya uso. Na sote wawili tukafika mahali pamoja, hakuna aliyetaka kuanza kusema. Anyesi hakuwepo. Dada yake Gadiel, wifi yangu, mtoto wa mwisho wa Yeyo, ambaye asingekosa mazishi ya nyumba hii hata akiwa mgonjwa wa kubebwa. Anyesi hakuwepo popote.

"Anyesi," Gadiel alinong'ona.

Picha ilikuwa inatikisika. Mkono wa Gadiel hautikisiki, anasifiwa kwa hilo wilaya nzima. Nikamwambia. Akasema, "Nitakuwa nalia. Ni dada yangu."

Pale kwenye kioo, yule mimi akainua uso. Akatazama kwenye kamera moja kwa moja, muda mrefu, na sura yake... Sijui niielezeje. Nilimuuliza Gadiel kwa nini ninamwangalia hivyo.

Wanaume walianza kufukia. Mzee Manase wa kanisani alikuwa amesimama karibu na kichwa cha kaburi, ameshika msalaba, mgongo wa msalaba ukiwa upande wetu, jina hatulioni. Sauti ya makoleo ikazidi. Harufu ya udongo ikajaa chumba kizima, ikaniingia kooni, nikahisi nafukiwa mimi. Gadiel aliinama kwenye kioo akisema polepole, kama anavyowaambia watu kazini, "Geuka, mzee. Geuka kidogo huku..."

Nikachomoa waya.

Giza. Kimya. Tulipowasha tena faili haikuwepo. Tulitafuta kila mahali.

Kesho yake tulikuwa kwa Lemomo asubuhi na mapema. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Nilimwuliza ameweka nini ndani ya mashine yangu. Akasema ameweka vyuma, na baraka, na maneno yangu mwenyewe, na kwamba yeye anaunga tu, hajui kasi inakotoka watu wakiitaka sana. Ndiyo maana ile mashine yake ya zamani haibadilishi. Halafu akauliza swali moja.

"Mliangalia mpaka mwisho?"

Nikasema hapana, nilichomoa waya. Lemomo akatazama chini.

"Basi," akasema. Nilimtukana. Nilimwita mchawi, mwizi, na mengine ambayo mke wa mtu hasemi. Gadiel akanivuta mkono tuondoke, mashine tukarudi nayo.

Tulimleta Anyesi nyumbani siku hiyohiyo. Tulimweleza kwa nini, alikuwa na haki ya kujua. Alipimwa hospitali kila kitu, wakamkuta mzima kuliko sisi. Nilimkataza bodaboda. Nilimkataza kwenda Nduruma kwenye vitunguu vyake. Nilimkataza hata kuchota maji ya mfereji, asije akateleza. Yeyo aliponiuliza kwa nini ninamfungia binti yake kama ndama, nilisema ni maombi maalumu ya kanisa. Mungu anisamehe.

Anyesi alichoka kukaa. Ili asiwehuke, Gadiel akaanza kumfundisha kamera. Jioni nilikuwa nawaona migombani, kaka na dada, anamwekea mikono vizuri, anamwambia abane viwiko, avute pumzi. Walikuwa wanacheka sana. Niliwaangalia nikamwambia Mungu kwamba huyu hatumtoi.

Na jino la Princess nililichunga kama mboni ya jicho. Lilikuwa imara, nikafurahi. Kisha asubuhi moja akaniambia, mama, jino linacheza. Nilimpiga kibao. Mtoto wa watu, kwa jino! Akaniangalia haelewi, nikamkumbatia, nikamwomba asilitikise, asiliguse na ulimi, anywe uji tu. Nilimpa uji wiki nzima. Alikuwa anakonda na mimi naangalia mdomo wake.

Lilitoka lenyewe. Aliamka nalo kiganjani, anatabasamu, ametaka kunifurahisha.

Siku hiyo sikumruhusu Anyesi hata kwenda uani peke yake. Na siku hiyohiyo wakapiga simu kutoka Nduruma kwamba vitunguu vyake vimeng'olewa, mnunuzi yuko shambani na gari lake, asipokuja mwenye mali anaondoka. Jasho lote la msimu wa wifi yangu. Anyesi akasimama. Nikamzuia mlangoni, nikamwambia atapita juu yangu. Akaanza kulia.

Gadiel akachukua helmeti. Akasema tusigombane, ataenda yeye, mahali pa Anyesi, atarudi kabla ya jioni. Alinigusa bega akipita. Sikumwangalia hata. Macho yangu yalikuwa kwa Anyesi.

Lori la mchanga. Hakuteseka, walisema. Wanasema hivyo kila mara.

Siku zile za msiba sizikumbuki vizuri. Nakumbuka wanawake wananifunga kitambaa cheusi. Nakumbuka Yeyo halii, amekaa tu, anaita jina la utotoni la mwanawe. Ndugu walioko nje waliomba mazishi yarekodiwe, na watu wakawa wanaulizana nani atarekodi mazishi ya mpiga picha. Sikusikia walikubaliana nini.

Tulizikia migombani. Jeneza likashuka. Nilitupa udongo wangu, nikarudishwa kwenye kiti, wawili wamenishika. Kwaya ilikuwa inaimba. Na mimi, kwa mazoea tu ya miaka yote, katika uchungu ule, nikainua uso kumtafuta mume wangu mahali anapokuwaga siku zote. Nyuma ya kamera.

Alikuwa Anyesi.

Amebana viwiko kama alivyofundishwa. Analia, kamera inatikisika.

Pale ndipo nilipojua ile sura yangu ilikuwa ikiangalia nini. Nilibaki namtazama, muda mrefu, na Princess nyuma yangu analia na pengo lake, na makoleo yakaanza.

Siku nyingi zilipita. Ndugu wa nje wakawa wanauliza video. Hakuna mwingine wa kuikata ila mimi. Jana mchana Anyesi aliingia studio na kadi ya kamera mkononi, akakaa kwenye kiti cha Gadiel. Amekonda. Tangu mazishi hali, na najua kwa nini, maana aliwahi kumwambia Yeyo: kaka alikufa kifo changu. Niliandikiwa mimi, akaenda yeye.

Niliwasha mashine. Kadi ilikuwa bado mkononi mwake.

Video ilifunguka yenyewe. Imekwisha. Imekatwa ninavyokata.

Tukaiangalia pamoja. Yeyo na fimbo. Princess. Mimi nainua uso. Mzee Manase na msalaba wake. Makoleo. Harufu ile ikaanza kutoka kwenye feni, nikashika meza kwa mikono miwili. Tukafika pale nilipochomoa waya. Safari hii nilisubiri.

Haikuwa hata dakika. Pumzi mbili, tatu.

Mzee Manase akageuka.

Picha ikasogea karibu na msalaba, taratibu, mkono wa Anyesi ukijitahidi kutulia. Ile kadi ya picha ya gharama ilionyesha kila herufi, hata tone la rangi lililochuruzika chini ya jina. Gadiel. Na jina la baba yake, na mwaka aliozaliwa.

Anyesi alikuwa haelewi. Nikaona nina mambo mawili tu ya kufanya, nikae kimya aendelee kuamini alivyoamini, au nimwambie. Nilimtazama alivyokonda.

"Wifi," nilisema, "hukuandikiwa wewe. Ilikuwa ni yeye tangu mwanzo. Hii ndiyo tuliyoiona ile Jumapili. Jina lilikuwa lake siku ileile."

Alishika mdomo. Akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia analia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, akaniegemea, na nilimpapasa mgongo mpaka akatulia. Kwenye kioo watu walikuwa wanaweka maua. Kisha nikahisi mwili wake umekakamaa. Akajitoa mikononi mwangu taratibu, akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Sasa kwa nini hamkuliona?"

Feni zilikuwa zinapuliza, hazina sauti. Nilimwambia tulikuwa bado hatujafika hapo.

"Kwa nini hamkufika?"

"Niliizima," nilisema. "Kaka yako alitaka kuendelea. Mimi niliogopa, nikaizima."

Alikaa pale pale kwenye kiti cha Gadiel, mikono mapajani, na wala hakuondoka, na mimi sikuthubutu kumgusa tena. Tukakaa hivyo wawili mpaka Princess akaja mlangoni kuuliza kama leo kuna chakula.